Jicho la Wayua

Munyao alitolewa jicho la kushoto akiwa na miaka mitatu. Hospitali hakuikumbuka. Alichokuwa akikisikia ni jina la mtu aliyesemekana kumharibu: Kanyiva, dada ya baba yake. Shangazi huyo alimpakata akiwa mchanga, akamtazama kwa muda, akasema, "Huyu ana macho mazuri." Baadaye jicho likaanza kung'aa weupe, na ukoo haukutaka ushahidi mwingine. Kanyiva akahama kijiji chao cha Matiliku, akaenda kuishi Zombe, kule Kitui. Hata kaka yake alipofariki, hakuna aliyemwita mazishini.

Munyao akawa fundi wa mbao, tena fundi hodari. Mwaka aliotimiza thelathini na nne, mkewe Ndunge akiwa na mimba ya kwanza, mhudumu wa afya wa kijiji aliwaletea mgeni. Alikuwa Daktari Kagure, mtafiti wa saratani ya macho ya watoto, na alikuwa akitafuta watu wazima waliotolewa jicho utotoni.

"Kabla halijatolewa, lilikuwaje?" aliuliza.

"Liling'aa kama la paka," mama yake Munyao akajibu haraka. "Lakini huo si ugonjwa wa hospitali, daktari. Alitazamwa vibaya."

Kagure hakubishana naye. Alieleza tu kwamba huenda ilikuwa saratani, na kwamba kwa watu wengine saratani hiyo hubebwa ndani ya damu, ikapita kwa mtoto. "Tukijua mapema, tunaiwahi ikiwa ndogo kama punje ya wimbi."

Ndunge akashika tumbo lake. Munyao akakunja mkono wa shati ili atolewe damu.

Majibu yalichukua wiki saba. Kagure alirudi nayo, akakaa kwenye benchi la karakana. Alisema kila chembe ya mwili ina maagizo yaliyoandikwa kwa herufi kama bilioni tatu, na katika maagizo ya Munyao herufi moja ilikuwa imekosewa.

"Moja?"

"Moja."

"Na mkaiona?"

"Tuliiona."

Munyao aliketi juu ya mbao aliyokuwa akiipiga randa. Yeye hujisifu kuona ufa ambao wengine hawauoni. Lakini herufi moja, katika bilioni tatu! Alijaribu kuiwaza hesabu hiyo kichwani, akashindwa, akacheka kidogo huku machozi yakimtoka katika lile jicho lake moja.

Ilibaki kujua kosa lilitoka wapi. Mama yake alipopimwa, kwake halikuwepo. Baba alikuwa amekufa, na ndugu pekee wa baba aliyebaki hai alikuwa Kanyiva. Basi Munyao akaenda Zombe pamoja na daktari, akamkuta mama mwembamba akipepeta ndengu uani.

"Shangazi, mimi ni Munyao."

"Nimekujua," alisema bila kuacha ungo. "Umekuja kunishtaki tena?"

"Hapana. Nimekuja kuomba damu yako kidogo, tujue ukweli."

Kanyiva alimtazama daktari, kisha sindano. Akaweka ungo chini, akanyoosha mkono. "Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza ukweli," alisema.

Katika damu yake kosa halikuwepo. "Inaelekea lilianzia kwako mwenyewe," Kagure alimwambia Munyao, "ulipokuwa ukiumbwa tumboni. Hakuna mtu aliyelitia."

Mama yake Munyao alifunika uso kwa leso. Siku tatu hakula vizuri. Ya nne akavaa nguo za kanisani, akaenda Zombe peke yake. Waliyoongea hawakumwambia mtu, ila alirudi na Kanyiva, na gunia dogo la ndengu.

Mtoto alizaliwa msichana, akapewa jina la nyanya yake, Wayua. Vipimo vilionyesha amerithi ile herufi. Alipofikisha wiki tano alilazwa kwa dawa ya usingizi, macho yakapimwa, kisha Kagure akawaita wote watazame picha kwenye kompyuta.

Sehemu ya nyuma ya jicho la Wayua ilijaza kioo chote, ya rangi ya machungwa kama jua linapochomoza, na mishipa myembamba imetawanyika kama vijito baada ya mvua. Pembeni kulikuwa na alama moja nyeupe, ndogo sana.

"Ni hiyo," Kagure alisema. "Leo tumeichoma kwa miale."

Kanyiva alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo. "Bwana wangu," alinong'ona. "Kumbe ndani ya mtu kuna nchi nzima."

Walirudi kila mwezi. Mara ya tatu, pale penye alama palikuwa na kovu bapa, na Wayua alifuata taa ndogo ya daktari kwa macho yote mawili. Bado angehitaji kupimwa kwa miaka mingi, Kagure aliwaonya.

"Na nyinyi mlijifunza wapi haya yote?" Kanyiva aliuliza.

"Kwa watoto waliotangulia. Wengine hatukuwaokoa. Wazazi wao walikubali tujifunze hata hivyo."

Kanyiva akamweka mtoto begani vizuri. "Kanisani kwetu Zombe watoto wanajaza benchi sita," alisema. "Jumapili ijayo uje na taa yako, daktari, uwapime macho. Nitawapanga mstari mimi mwenyewe."