Ameenda Mnadani Katesh

Oliva alikuwa amejiandaa kuambiwa kwamba jina lake lilishafutwa. Alikaa Uholanzi miaka kumi na tisa, hata mama yake alipozikwa hakuja, na sasa alitaka barua ya ukazi ili arudi kuishi kijijini kwao Balangdalalu moja kwa moja.

Mtendaji wa kijiji, kijana aitwaye Modest, alifungua daftari la wakazi na kulisogeza mbele yake. "Mbona upo, dada. Hujafutwa hata mara moja."

Kila mwaka, mbele ya jina lake, yaliandikwa maneno yaleyale: Yupo. Ameenda mnadani Katesh.

"Mama yako ndiye alikuwa anajibu hivyo tukipita kuhesabu watu," Modest alisema, akijizuia kucheka. "Alipofariki, Mama Marieta jirani yenu akaendelea. Tulijua, lakini nani angebishana na wale mama?"

Oliva hakujua aweke wapi uso wake. Afadhali angefokewa. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akaenda hadi shambani kwa Marieta, nyuma ya nyumba yake, ambaye alikuwa anapalilia mahindi.

"Shikamoo, mama. Nimerudi kutoka mnadani."

Marieta alimtazama viatu kwanza, kisha uso.

"Marahaba. Mwenzangu alikusubiri ulete chumvi mpaka akachoka."

Oliva aliikunja barua, akaiweka mfukoni.

"Jembe la mama yako liko pale kwenye ukuta wa nyumba," Marieta alisema, akainama tena. "Anzia mstari ule."

Oliva alivua viatu.