Ngozi ya Mama Si Shuka

Bibi mmoja alikuwa dobi miaka thelathini, na alipoanza kuwashwa miguu alijitibu kidobi: maji ya moto, sabuni ya kufulia na brashi. Kadiri alivyojisugua ndivyo alivyozidi kuwashwa. Binti yake alipoona damu kwenye soksi, alimvua, akakuta kidonda mguuni.

"Mama, leo tunakwenda zahanati."

"Ng'o! Uchafu wa ngozini unishinde mimi? Nimetakatisha mashuka ya hoteli nzima!"

"Usipotembea nitakubeba mgongoni, majirani wakuone."

Bibi akatafuta viatu, akabwata njia nzima.

Muuguzi alimpapasa miguu, akatikisa kichwa. "Bibi, huna uchafu hata chembe. Ngozi ya uzeeni ni kavu, haina mafuta mengi, na hayo machache uliyo nayo unayakwangua. Vijidudu vikiingia hapa, mguu utavimba na tutakulaza." Akasafisha kidonda, akampa dawa na maagizo. Aoge upesi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato kabla mwili haujakauka. Kidonda kisipofunga kwa wiki mbili, arudi.

Tangu hapo binti alimsimamia mlangoni mwa bafu kila siku.

"Umemaliza?"

"Hata sijalowa!"

"Toka, Mama, nikupake."

Bibi alisonya, lakini alitoka. Wiki ya pili kidonda kilifunga. Mwenye mzazi anayejikuna asingoje kuona damu kama binti huyu alivyongoja.