Neno Lililotangulia Japani

Kapteni aliingia bila kubisha, akaliweka gitaa juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayemlaza mgonjwa.

"Shemeji, Mjapani anaumwa."

"Anaumwa wapi?"

"Uzi wa tatu unakoroma. Kidole kimekaa sawa kabisa, sauti inatoka kama nyuki ndani ya chupa. Saa kumi tuna mazoezi, na kesho meneja wa hoteli anakuja kutusikiliza. Nakuachia. Usiniangushe."

Kapteni ni kaka wa mke wangu. Hajawahi kuendesha hata ngalawa. Cheo alijipa mwenyewe siku aliyonunua kofia nyeupe, na bendi ni yake, kwa hiyo hakuna wa kumvua.

Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anapiga gitaa lake bila kulichomeka kwenye amplifaya. Kapteni alimtazama vidole kwa muda mrefu kuliko alivyotaka aonekane akimtazama.

"Mpwa wangu ana mkono mwepesi," alisema.

"Basi nipe nafasi ya ridhimu, mjomba. Imekaa wazi miezi sita sasa."

"Tafuta gitaa kwanza."

"Hili ni nini, mwiko?"

"Hilo Mchina. Mchina hapandi jukwaani kwangu." Akageuka kwangu. "Saa tisa na nusu nilipate." Akaondoka na kofia yake.

Niseme jinsi tunavyozungumza sisi wa kazi hii. Gitaa tunaliita kwa lilikotoka, kama mtu na kabila lake. Huyu Mjapani, yule Mmarekani, wale Wachina watatu pale ukutani. Ukisema Mjapani, watu wanashusha sauti. Ukisema Mchina, wanaguna. Mimi niliacha shule darasa la sita nikashika bisibisi, na kwa miaka mingi watu wameniletea magitaa wakiniuliza swali moja tu: Fundi, huyu wa wapi? Nageuza gitaa, nasoma bati la nyuma, nasema. Neno langu likishatoka, mtu ananunua au anaacha.

Gitaa la binti yangu nililiokota likiwa na kichwa kilichovunjika. Nilikaa nalo wiki tatu. Niligundisha kichwa, nikasugua vyuma vya shingoni kimoja kimoja mpaka kucha zikawa nyeusi, nikabadilisha waya zote za ndani. Leo linashika sauti siku nzima bila kuteleza. Lakini kichwani limeandikwa jina ambalo hakuna anayelijua, na hiyo imetosha kumweka mtoto nje ya mlango miezi sita.

Nililegeza nyuzi za Kapteni, nikatazama shingo kwa jicho moja. Imepinda. Kwa miaka tisa nilikuwa nabadilisha nyuzi na kusafisha tu, shingo sijawahi kuifungua, maana haikuwahi kusumbua. Sasa ilibidi. Inashikwa na skrubu nne zinazopita kwenye bati dogo nyuma, na juu ya bati Kapteni alibandika stika ya nanga siku ileile aliyolinunua. Alisema anazuia maandishi yasifutike. Nilipasha stika moto kidogo, nikaibandua.

Chini yake kulikuwa na mistari miwili. Wa juu uliishia na neno Japani. Huo ndio niliousoma miaka tisa iliyopita, mbele ya bendi nzima, nikasema, "Huyu Mjapani safi." Wa chini ulikuwa wa herufi ndogo, umelika upande mmoja. Nakumbuka niliuona. Nilidhani ni namba.

Safari hii bati lilikuwa mkononi, limeng'oka, na dirisha liko karibu. Herufi ya kwanza ya neno la mwisho haikuwa namba.

"Njoo unisomee hapa," nilimwambia binti yangu. Yeye shule alimaliza, na Kiingereza anakiweza.

Alisoma. Akasoma tena. Akacheka, kisha akaziba mdomo.

"Sema."

"Juu pameandikwa limechorwa Japani."

"Limechorwa?"

"Umbo lake, Baba. Kule walikaa wakachora. Chini pameandikwa limetengenezwa China."

Mke wangu alisimamisha cherehani. Tunagawana chumba, yeye na vitambaa vyake upande wa mlango, mimi na mbao zangu upande wa dirisha. Cherehani ile ni ya mama yangu marehemu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nalala chini yake, na bati lake ndilo lililonifundisha kulitambua neno Japani. Nililijua kwa sura, kama unavyojua uso wa jirani usiyemjua jina.

Nilichuchumaa pale, nikaweka bati la gitaa sambamba na bati la cherehani. Nikahesabu. Kwenye cherehani neno la kwanza lina herufi nne. Kwenye gitaa lina herufi nane.

"Unafanya nini hapo miguuni kwangu?" mke wangu aliuliza.

"Nasoma," nilisema. "Nimechelewa kidogo."

Saa tano. Mpaka saa kumi kulikuwa na muda mrefu mno. Nilitembea toka dirishani hadi mlangoni na kurudi, nikizungusha skrubu moja vidoleni. Nilichukua kipande chembamba cha mbao kukiweka chini ya shingo, nikakisugua kwa msasa mpaka kikaisha, nikaanza kingine. Niliweka chai, nikaisahau. Nilikaa, nikasimama. Nilimkumbuka mwalimu wa kwaya niliyemwambia gitaa lake ni Mjapani. Nilimkumbuka yule kijana anayepiga harusini, naye nikamwambia Mjapani, akamkumbatia mkewe. Wangapi nimewasomea neno moja la mwisho?

"Keti basi, baba watoto," mke wangu alisema. "Unanitia kichefuchefu."

"Nikimwambia kaka yako, nimejimaliza. Nani ataniletea gitaa tena?"

"Mwambie mkiwa wawili."

"Usimwambie kabisa," alisema binti yangu. Alikuwa ameacha kupiga. "Atasema nimekutuma. Atasema tumelibadilisha bati. Mimi nataka aniite kwa vidole vyangu, siyo kwa sababu tumemwaibisha."

"Vidole vyako anavijua miezi sita hii. Amekuita?" nilimwuliza.

Aliinuka kwenye ndoo. Alianza kufungua begi la gitaa lake, akalifunga, akalifungua tena. Kumbe si mguu wangu peke yake usiotulia mle ndani.

Saa tisa ilinikuta bado sijamaliza, nikafunga shingo haraka. Nilivuta nyuzi, nikachomeka. Mke wangu akaacha kushona bila kuambiwa, maana mota ya cherehani ikizunguka, amplifaya inavuma. Nilipiga uzi wa tatu. Safi. Sauti tamu, nzito, ileile ya miaka tisa. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kama lingetoa sauti ya debe ningejua la kufanya. Lilikuwa gitaa zuri. Mtu fulani huko China alikaa kwenye benchi lake akafanya kazi bila haraka, na sisi huku tukampa sifa mtu aliyeshika penseli.

Bendi inafanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya karakana ya samani. Tulifika mimi na binti yangu, kila mmoja na gitaa. Mpiga drams alikuwa anafuta vumbi la mbao kwenye ngoma zake. Mpiga besi, mtu mnene mwenye maneno machache, alikuwa anakula karanga. Kapteni alipokea gitaa lake, akalichomeka, akapiga uzi wa tatu, akafumba macho.

"Mnasikia?" alisema. "Mjapani huyo amepona. Hiyo sauti hamtaipata kwingine."

"Mjomba," binti yangu alisema. "Nisikilize wimbo mmoja tu. Kesho mkipiga bila ridhimu mtasikika wepesi."

"Mpwa, tulishaongea. Meneja akiona Mchina atasema sisi bendi ya kuokoteza."

"Anakuja kusikiliza au kusoma?"

Mpiga drams aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

Kapteni alinigeukia. "Fundi si huyu hapa? Tena baba yake. Shemeji, hebu mwambie binti yako tofauti ya Mjapani na Mchina, maana mimi ananiona mkorofi."

Wote walinitazama. Binti yangu alitikisa kichwa kidogo: usiseme. Nilikuwa nimepanga kumvuta Kapteni pembeni baadaye, au kesho, au wiki ijayo. Lakini aliniuliza, na aliniuliza kazi yangu.

"Tofauti siijui," nilisema. "Hilo ulilolishika ni Mchina."

"Acha utani."

"Ligeuze. Nanga nimeibandua. Japani ni walikochora. Lilikotengenezwa ni mstari wa chini. Miaka tisa iliyopita niliujua ule mwisho wa mstari wa juu tu. Neno lililotangulia sikulijua, na sikuuliza mtu. Kosa ni langu, siyo la aliyekuuzia, wala siyo la mtoto."

Kapteni aligeuza gitaa. Alisogea mlangoni penye mwanga. Midomo yake ilicheza. Naye Kiingereza chake ni cha kukisia, lakini neno China halihitaji shule.

Mpiga besi aliweka karanga chini. "Fundi, na hili langu? Uliniambia Mkorea."

"Sijui. Mpe binti asome."

Binti yangu aliinama nyuma ya besi. "Pamefutika," alisema. "Imebaki namba."

"Kwa hiyo mimi mke wangu wa wapi?" mpiga besi aliuliza, amekumbatia besi lake, na hakuwa anatania sana.

"Mimi niko salama," alisema mpiga drams. "Zangu kachonga seremala wa hapo nje."

Hakuna aliyecheka zaidi yake. Kapteni alirudi, uso umevimba.

"Miaka tisa! Miaka tisa nalitambulisha kwa maiki. Mabibi na mabwana, Mjapani wangu!"

"Na watu walipiga makofi. Walikuwa wanapigia nini, shemeji? Bati la nyuma hawalioni."

"Toka."

"Natoka. Na mtoto?"

"Nimesema wewe utoke!" Alivua kofia, akaivaa tena. Alimtazama mpwa wake, akatazama gitaa alilolishika, akatazama lile lililo begani kwa binti. "Siwezi kuwa na Mchina mmoja ndani na mwingine nje. Watanicheka mpaka kesho. Mpeni waya."

Mpiga drams alimrushia waya. Binti yangu aliudaka bila kunitazama. Alikuwa amenikasirikia, lakini alichomeka mara moja tu, palepale panapotakiwa.

Nilisimama nje kati ya vitanda visivyopakwa vanishi. Walianza. Ridhimu iliingia ikiwa ngumu mwanzoni, kisha ikalegea, ikakaa chini ya solo kama mtu aliyezoea nyumba. Nilitembea mpaka mwisho wa vitanda, nikarudi. Mpiga besi akimwambia mwenzake, na mwenzake akimwambia wa kwaya, wiki ijayo meza yangu itakuwa tupu. Nitalazimika kuanza upya, na safari hii nikiulizwa huyu wa wapi niseme sijui, acha kwanza nimsikie.

Ndipo nikasikia solo inashuka. Kidogo tu, nusu ya nusu ya sauti. Ridhimu ilikaa imara, solo ikawa inateleza kila Kapteni anapovuta uzi. Shingo inacheza. Nilitia mkono mfukoni mwa shati, nikakuta skrubu ya nne, ina joto la mwili wangu.

Ndani Kapteni alisimamisha wimbo, akafoka kwamba alijua tu, Mchina ni Mchina.

Nilichomoa bisibisi mfuko wa nyuma, nikagonga mlango.