Chumba cha Vyombo

"Usikipumulie!"

Mke wa mzee alibana pumzi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la vioo, chombo cha maua cha Kijapani kimelala mapajani mwake kama mgonjwa, kitambaa chenye unyevu kimezungushwa kidoleni. Mzee alimsimamia kwa nyuma kama nyapara. Kila Jumamosi ilikuwa hivyo. Chumba hicho kilikuwa cha binti yao mpaka alipoolewa. Magari ya harusi hayajapiga kona vizuri, kitanda kikatolewa, makabati yakaingia. Sasa humo mlikuwa na mabakuli ya Kichina, sahani za ukingo wa dhahabu, na chupa za shaba zilizopambwa kwa rangi za kioo. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa mzee. Mtaa mzima ukamwita Mzee Kaure, kwa jina la ule udongo mweupe wa vyombo vyake, naye, masikini, akadhani wanamsifu.

"Anatoka hospitali leo," mke alisema. "Yeye na mtoto."

"Ana mume."

"Mume kabadilisha kitasa cha mlango. Unataka alale wapi?"

"Sebuleni kuna kochi."

"Kochi! Mzazi mwenye mshono tumboni?"

"Mimi sikumshona. Sugua hapo kwenye ukingo, umeacha alama ya kidole."

Akasugua. Alisugua kwa hasira, na hasira yake ilikuwa na nguvu kuliko mkono wa kawaida. Mzee aliridhika, maana alasiri ile alimngoja daktari wa meno, mkusanyaji mwenzake, aje aone kama vyombo hivi vinastahili kuwekwa kwenye maonyesho ya chama chao. Kwa wiki nzima hakuwa na habari nyingine. Mjukuu amezaliwa, yeye anauliza kama daktari anakunywa chai au kahawa.

Daktari hakunywa chochote. Aliingia, akavaa miwani, akachukua chombo cha Kijapani na kukipeleka dirishani. Akakizungusha. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, kama anayetafuta jino bovu.

"Nani anakisafisha?"

"Mke wangu," mzee akajibu kwa fahari. "Kila wiki, bila kukosa."

"Basi mkeo amekimaliza." Daktari hakumtazama hata mwanamke mwenyewe aliyesimama pale mlangoni. "Dhahabu hupakwa mwisho, juu kabisa. Haivumilii kusuguliwa. Tazama, maua yamebaki, majani yake hayapo. Na zile sahani usinioneshe, naona kutoka hapa."

Akakirudisha chombo, akaaga, akaenda zake. Lo! Wiki nzima ya maandalizi, na mgeni hakukaa hata kitini.

Mzee alimgeukia mkewe. "Umeniua," alisema. "Miaka yote hii unakula dhahabu yangu kwa kitambaa!"

"Nani alisema sugua?"

"Nilisema safisha!"

"Ulisema sugua. Nikapuliza vumbi, ukanikataza. Nikasema vumbi halina ubaya, ukaniita mvivu."

Lakini ilimuuma mke, tusidanganyane. Hakuvipenda vyombo vile hata siku moja. Ila magoti yake yalikuwa yameota sugu kwa ajili yavyo, na kumbe siku zote alizodhani anavitunza alikuwa akivifuta. Machozi yalimjia, akayameza. Asingempa mzee raha ya kuyaona.

Hapo mlango wa mbele ukagongwa. Binti alisimama kizingitini, mkono mmoja umembeba mtoto, mwingine umeshika tumbo, na mfuko wa nguo uko chini kando ya miguu yake. Dereva wa teksi alikuwa keshaondoka.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mfuko. Hakuitikia.

"Rudi kwa mumeo mkayamalize," alisema. "Hapa hakuna chumba."

Binti akainamisha kichwa. Mama alimkalisha kwenye kochi, akamwekea mto mgongoni, kisha akaingia chumba cha vyombo, kilichobaki wazi tangu daktari aondoke, na kutoka na bakuli la Kichina mkono huu, chupa ya shaba mkono huu.

"Weka chini!" mzee akaruka.

"Naweka." Akaviweka chini, sakafuni, kwenye korido, akarudi kuchukua vingine.

Mzee akamkamata kiwiko. Mama akasimama tuli, sahani mbili zimeinuliwa juu ya vigae.

"Nisukume basi," alisema. "Nisukume, mume wangu. Uone nitaanguka na nini."

Mkono wa mzee ukalegea. Tangu hapo alibaki kumfuata nyuma, akiokota kila kilichowekwa na kukisogeza ukutani, huku akimtukana kwa sauti ya chini: mwendawazimu, mharibifu, mtu asiyejua thamani.

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," mama akamjibu bila kugeuka. "Wewe unajua uchungu wa sahani."

Makabati yakabaki matupu. Kitu kimoja tu kilimshinda kukibeba: karai kubwa la kaure, zito kama jiwe la kusagia, lililotengenezwa zamani huko China kwa ajili ya kufugia samaki. Ndani yake walikuwa wamechorwa samaki wekundu wanaofukuzana. Akaliacha katikati ya chumba, akatandika godoro pembeni yake, akamleta binti na mtoto. Mtoto alinuka maziwa yaliyochacha.

"Beseni lipo bafuni, mama," binti akanong'ona.

"Lipo," mama akasema, akamimina maji ya uvuguvugu kwenye karai.

Mtoto alilia kidogo alipoguswa na maji, kisha akanyamaza. Akanyoosha miguu juu ya wale samaki. Mama alimshikilia shingo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamwagia maji tumboni.

"Toa!" Mzee alikuwa mlangoni. "Mtoe humo! Unajua hilo lina miaka mingapi?"

"Mtoe wewe."

Mzee akaja mbio, mikono mbele. Akafika, akainama. Kulivuta karai hakuweza, mtoto yumo. Kumtoa mtoto hakujua aanzie wapi, maana hakuwahi kumshika, na hakuna aliyewahi kumpa amshike. Mikono ikabaki hewani juu ya maji. Mtoto akarusha teke, maji yakamlowanisha mzee shati kifuani. Binti alitazama ukuta.

"Mlango," mama akasema, akiendelea kuosha. "Upepo unampiga mtoto. Ufunge."

Mzee akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye kizingiti. Nyuma yake, kwenye korido, vyombo vyake vilijipanga sakafuni bila kabati. Akashika kitasa. Alisimama hivyo, shati likimchuruzika, hajaingia wala hajatoka, na upepo uliendelea kupita.