Nyani wa Mzee Sostenes

Kwa maneno ya Mzee Sostenes, ni nyani. Aliwaona kwa macho yake asubuhi akienda kukagua migomba: kundi zima limeshuka kutoka kileleni, linang'oa vigingi vya njia mpya na kwenda kuvipigilia katikati ya maharage ya jirani yake Odeta. Alieleza hayo kwenye mashine ya kusaga pale Kanazi, na watu wakaguna tu. Tangu wakimbizi waje, na mlima ukawa unapandwa kutwa kucha kutafuta kuni, mtu aliweza kuamini chochote.

Njia ya zamani ilipanda wima, mvua ikaigeuza korongo, kina mama wakawa wanateleza na mizigo yao. Shirika moja likamleta msimamizi, Pancras, apime njia ya kupanda kwa kona kona, yenye ngazi za mawe na vijitaro vya kutolea maji. Penye kigingi ndipo watu wachimbe. Odeta alikuwa mmoja wa wabeba mawe, malipo unga.

Mwanzoni vigingi vilipita kwenye migomba ya Sostenes. Sasa vilikata maharage, na maharage yale ndiyo chakula cha Odeta na mama yake mpaka msimu mwingine.

Odeta hakubisha. Alizunguka shamba polepole. Vichwa vya vigingi vilikuwa vimepondwa kwa kisigino cha jembe, na hakuna ganda hata moja la maharage lililoguswa. Labda nyani hao wamefunga Kwaresima, akawaza, ingawa Pasaka ilishapita zamani.

"Baba, nyani wakishaonja kazi hawaachi," alimwambia Sostenes kwa adabu zote.

"Ndivyo walivyo," mzee akajibu, akiangalia kwingine.

Jumapili, Sostenes alipokuwa kanisani akiongoza nyimbo, nyani walirudi kazini. Safari hii alikuwa mmoja tu, amejifunga kitenge.

Jumatatu vigingi vilipita juu ya shimo la Sostenes la kuivishia ndizi, na ndizi zile zilikuwa za pombe ya harusi ya binti yake. Mzee alikuja mbio akisema kuna mtu amehamisha vigingi.

"Mzee, si ulituambia ni nyani?" Pancras akauliza.

Wachimbaji wakaegemea majembe yao wasikie vizuri. Sostenes alipiga hesabu haraka. Kama nyani hawahamishi vigingi, basi na vile vya kwanza je? Akasema ndiyo, ni nyani. Pancras akapima mteremko kwa jicho, akaona unafaa, akaamuru majembe yaendelee.

Mzee akamsogelea Odeta, aliyekuwa na jiwe kichwani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu, marahaba." Sauti ilishuka. "Mwambie Pancras hivi vya jana umehamisha wewe. Wewe ni binti, hatakugombeza. Nakuomba."

Akisema, njia inarudi kwenye maharage. Odeta alitua jiwe, akalipangusa udongo, akaanza kuligeuza huku na huku kutafuta upande wa kulikalisha kwenye ngazi.