Grinda ya Ofa

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Odur alitoa grinda kwenye boksi lake, akakunja karatasi ya maelekezo mara nne na kuitia mfukoni. Alikuwa ameinunua jana yake katika supamaketi moja ya Nateete, Kampala. Mashine hizo za mkono za kukatia vyuma zilipangwa kati ya sufuria na biskuti, chini ya bango jekundu la ofa. Mkewe, Anena, aliuliza kama kitu chepesi vile kitaweza chuma.

"Imeandikwa dhamana ya mwaka mzima," Odur alisema.

Alikuwa polisi mstaafu. Kwa miaka thelathini na moja aliishi kambini katika mama ingia pole, vile vibanda vya bati vya duara ambavyo mlango wake ni mfupi na lazima mtu aingie ameinama. Sasa alikuwa na nyumba yake ya matofali, vyumba viwili, upande wa chini wa kilima cha Lubaga. Alitaka mlango wa chuma mrefu ambao mtu anaupita akiwa amesimama wima, na alitaka kuutengeneza kwa mikono yake.

Alikata mabomba manne. Alipoanza la tano, mguu wake wa kushoto ulikanyaga maji ambayo Anena alikuwa ametoka kuyamwaga baada ya kufua, na umeme ukampita. Hakupiga kelele. Anena alivuta waya mpaka plagi ikachomoka ukutani, lakini alikuwa amechelewa. Walimzika kwao Lira siku ya Jumatatu.

Aliporudi Kampala, Anena alimwita jirani yao Okidi, fundi umeme, akampa ile grinda. Okidi alifungua plagi juu ya meza ya chakula. Ilikuwa na miguu mitatu. Mguu wa tatu, ule wa kupeleka umeme ardhini mashine inapoharibika, ulikuwa plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, na nyuma yake hapakuwa na waya wowote.

"Sasa hii waliweka ya nini?" Anena aliuliza.

"Ionekane plagi," Okidi alisema, akaifunga tena.

Anena alikaa akiutazama mguu ule wa plastiki mpaka chai yake ikaota utando. Tangu Jumamosi alikuwa akijilaumu kwa yale maji.

Alhamisi, saa kumi jioni, Odur alishuka basi la Lira na kupanda bodaboda hadi nyumbani. Mwenye pikipiki alimwomba akae nyuma kidogo, kwa sababu kila Odur alipomgusa mgongo honi ilijipiga yenyewe. Alifika na suti aliyozikwa nayo, ina udongo mwekundu mabegani.

"Umerudi," Anena alisema.

"Mlango bado haujaisha."

Anena alimkimbilia kumkumbatia, na shoti ikamrusha hadi kwenye kochi. Odur aliomba radhi. Ule umeme ulikuwa haujamtoka, na hakujua utamtoka lini. Basi Anena akavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka magharibi. Redio iliyokosa betri tangu Krismasi ilisoma taarifa ya habari kwenye mapaja ya Odur.

"Ni yale maji yangu," Anena alisema.

"Si maji," Odur alisema. "Maji humwagika kila siku."

Alimaliza mlango kwa msumeno wa mkono siku ya Jumapili, na Okidi akauchomelea. Kisha Odur akaketi akaandika taarifa, kurasa mbili, kwa ule mwandiko wake wa kituoni: tarehe, mahali, hali ya hewa, na kwamba mnamo saa tatu na dakika hamsini alipigwa na umeme wa mashine tajwa akafariki papo hapo. Aliweka saini. Jumanne asubuhi mume na mke wakaenda Nateete, Anena amebeba boksi.

Meza ya huduma kwa wateja ilikuwa mwisho kabisa, karibu na friji za maziwa. Kwenye benchi walikaa watu watano, kila mmoja na kitu mapajani. Mwanamke mmoja mwenye vazi la saluni alishika kikausha nywele. Mzee mmoja alikuwa na drili. Mama mwenye kitenge alishika pasi, na kiganja chake kilikuwa cheusi kama mkaa. Taa ya dari juu yao iliwaka kwa nguvu kuliko taa nyingine zote. Odur aliwaamkia, wakamwitikia na kusogea ili apate nafasi.

Msichana wa mezani aliitwa Sumayiya, jina liliandikwa kwenye beji. Alivaa hijabu ya kijani, na mikononi alikuwa na glavu nene za mpira.

"Karibu Mama, karibu Mzee. Marehemu ni huyu?"

"Ndiye," Anena alisema.

"Vizuri mmekuja Jumanne. Siku zingine marehemu hatuwahudumii, kompyuta zinazima."

Alisoma taarifa yote bila kuruka mstari, akasema imeandikwa vizuri sana, kisha akawapa fomu ya kurudisha bidhaa. Anena aliijaza mwenyewe kwa sababu kila kalamu Odur aliyoshika iliyeyuka. Jina la bidhaa. Tarehe ya kununua. Sababu ya kurudisha: weka alama kwenye kisanduku kimoja tu. Kisanduku cha kwanza kilisema mteja hakupenda rangi. Cha pili kilisema bidhaa haikutosha mahali pake. Cha tatu kilisema mteja amefariki.

Kalamu ilimdondoka Anena. Ilibingirika mpaka chini ya benchi, na yule mama wa pasi akaisukuma kwa mguu.

"Hii fomu mlichapisha lini?" Anena aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Mwaka juzi, Mama. Zamani tulikuwa tunaandika kwa mkono, lakini walikuwa wengi, tukachoka."

"Mwaka juzi."

"Ndiyo. Elfu moja za kwanza zimeisha, hizi ni za pili."

Anena aliitazama ile fomu, akamtazama Sumayiya, akatazama benchi. Jambo la mumewe kurudi kutoka kaburini alikuwa amelikubali siku ile ile, lakini hiki kisanduku kidogo kilichochorwa vizuri kwa rula, kilichosubiri hapa wakati Odur angali hai anachagua mabomba, hakikumwingia akilini.

"Banange, jamani," alisema. "Mlijua."

Sumayiya aliinamisha macho. "Mimi nimewekwa hapa kwa fomu tu, Mama." Alichomeka grinda kwenye soketi ya mezani. Ilinguruma. Akaichomoa na kuandika kitu. "Mashine inafanya kazi. Dhamana ni ya mashine isiyofanya kazi."

"Imemuua mtu!"

"Imemuua, ndiyo. Lakini inafanya kazi. Ninaloweza ni kuwabadilishia, niwape nyingine mpya ya aina hiyo hiyo."

Odur alikataa kwa upole. Aliomba taarifa yake ifikishwe kwa meneja, na Sumayiya aliigonga muhuri na kuiweka juu ya nyingine zilizofika usawa wa kiuno chake. Kisha Odur akainuka, akaenda mpaka kwenye rafu, kati ya sufuria na biskuti, akasimama kando ya maboksi ya grinda, mikono nyuma, kama alivyosimama zamu maisha yake yote.

"Wewe nenda nyumbani," alimwambia mkewe. "Mimi nitakuwa nawaambia."

Alifika pale kila siku asubuhi. Sumayiya alimwelekeza mahali pa kusimama ili kompyuta zisizime. Kila aliyenyoosha mkono aliambiwa. Wiki ya pili meneja alishuka kumwona, akamsikiliza kwa muda, akampa fulana ya supamaketi na beji yenye jina, maana wateja walipenda kuzungumza na mtu aliyewahi kuitumia mashine. Odur aliivaa ile fulana. Alisema ukiwa na beji watu wanakusikiliza zaidi.

Ijumaa moja adhuhuri Anena alimpitia akitoka sokoni. Rafu ilikuwa nusu tupu. Mwanamume mmoja wa makamo, amevaa shati safi la kazini, alikuwa ameshika boksi analigeuzageuza.

"Mzee, hii iko sawa?"

"Iliniua," Odur alisema. "Plagi yake ina mguu wa uongo. Nilipigwa na umeme nikafa pale pale, mbele ya mke wangu. Mke wangu ni huyu."

"Pole sana, Mama," mwanamume alimwambia Anena, na ilionekana wazi kwamba alimaanisha. Akamgeukia Odur. "Lakini inakata?"

Odur hakuwahi kuandika uongo katika taarifa yoyote.

"Inakata," alisema.

"Bomba la inchi mbili?"

"Hata la inchi tatu."

"Sasa si amekuambia imemuua!" Anena alipaza sauti. "Hujamsikia? Amekufa! Mtu huyu amekufa!"

Watu kadhaa waligeuka, wakatazama, wakarudi kwenye bei za mchele. Mwanamume aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Nimemsikia, Mama. Wewe Mzee, uliitumia siku ngapi?"

"Siku moja."

Alipiga hesabu fulani kichwani. "Mimi kazi yangu ni ya nusu siku tu," alisema, akaliweka boksi kwenye kikapu na kwenda kupanga foleni.

Anena alikaa chini sakafuni, pale pale aliposimama, na mfuko wake wa nyanya pembeni. Wateja walimzunguka kwa adabu, wakiomba njia, wakinyoosha mikono juu ya kichwa chake kufikia maboksi.