Mashine Isiyotetemeka

Watiri aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa katikati ya tangazo la matanga. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wakainamisha vichwa, mabega yao yakitikisika kwa kicheko. Aliporudi nyumbani kwao mtaani Skuta, alimwambia Gaceri, mke wa mwanawe, "Alhamisi nampatia Waithira uongozi wa jumuiya. Siwezi kuongoza maombi na sisikii watu wanaomba nini."

"Ngoja kwanza, Mami," Gaceri alimwambia karibu na sikio la kushoto, ambalo bado lilikuwa na uhai kidogo. "Ile kitu yangu iko karibu kuisha."

Gaceri alifundisha watoto wa chekechea, lakini raha yake ilikuwa kufungua redio mbovu na kuunda vitu vyake. Vifaa vya kusikia vya hospitalini vilikuwa vimewashinda bei, kwa hivyo alikuwa akitengeneza chake: maiki ndogo, betri, na waya wa kuingia sikioni, vyote ndani ya kisanduku cha sabuni. Mezani kilifanya kazi. Shida ilikuwa kutoboa. Msumari wa moto ulikuwa umeyeyusha visanduku viwili, na bodi ya kuunganishia waya ilikuwa imepasuka.

"Nahitaji grinda ndogo, ile ya kushika kama kalamu. Inatoboa, inakata, inasugua."

"Basi twende wote. Majembe yote ya hapa nilichagua mimi."

Katika duka la vifaa mjini Nyeri, muuzaji kijana aitwaye Theuri aliwawekea mashine mbili kwenye kaunta. Watiri alifanya kama alivyofundishwa na mamake tangu utoto: akapima uzito wa kila moja mkononi, akaigonga kwa ukucha. Ile nyepesi akaisukuma kando.

"Hii ni ya kuchezea watoto. Chukua hii nzito."

"Shosho anajua kitu!" Theuri akafurahi, akaiwasha. "Sikia hiyo ngurumo!"

Gaceri akaziba masikio. Watiri aliona tu mdomo wa kijana ukienda.

"Anasema usikie ngurumo," Gaceri akamwambia sikioni.

"Nisikie ngurumo? Mimi sisikii hata padre!"

Theuri akacheka kwa aibu, akampa mashine ikiwa bado inazunguka. "Basi shika, Shosho."

Mtetemo ulimpanda hadi kiwiko, kama kumshika ndama aliyeona sindano. Watiri akaisogeza karibu na miwani yake. Ncha ya kutobolea haikuwa ncha tena. Ilikuwa ikiyumba hadi ikaonekana kama kiduara. Akairudisha, akaomba ile nyepesi.

"Hiyo ni ya bei ya chini," Theuri akapaza sauti. "Haina nguvu."

"Iwashe tu."

Theuri akaiwasha, na Gaceri akapunguza mwendo kwa kuzungusha kidude cha ubavuni. Mkononi mwa Watiri mashine ilitulia kama kifaranga, na ncha yake ikasimama mahali pamoja.

"Ile nzito inajua mbio tu," Gaceri alimwambia sikioni. "Plastiki ikipata mbio, inayeyuka. Hii naweza kuipeleka pole pole. Na mdomo wake unabana hata hizi ncha nyembamba kama sindano."

Watiri bado hakuamini. Mkono wake ulitaka uzito. "Si itakufa haraka?"

"Ningekuwa nakata chuma, ingekufa. Lakini ni bodi na kasanduku ka sabuni, Mami."

Watiri akatazama mashine moja, kisha nyingine, akatikisa kichwa. "Kumbe mimi nilikuwa nachagua jembe. Funga hiyo ndogo, kijana. Na usituongezee ngurumo."

Jumatano Gaceri alibana bodi katikati ya vipande viwili vya mbao, wote wawili wakiwa wamevaa miwani ya kukinga macho. Watiri alishikilia kisanduku. Unga mweupe ulimwagika mezani, tundu baada ya tundu. Moja lilienda upande, Gaceri akaguna, akalisugua mpaka swichi ikaingia. Hakuna kilichoyeyuka.

Siku iliyofuata Watiri aliingia kwenye jumuiya na kisanduku kikining'inia kifuani. Kilimngurumia sikioni kama mvua kwenye mabati, na vikombe vya chai viligongana kwa kishindo. Waithira, ambaye alikuwa ameambiwa ajitayarishe kuongoza, alikuwa amekaa tayari mbele.

Ulipofika wakati wa kutaja mahitaji, Jeniffer, ambaye huongea akitazama mapaja yake, alisema, "Mama yangu anapasuliwa Jumatatu. Mniombee."

Vichwa vilikuwa vimeshainama. Watiri hakuinamisha chake.

"Jeniffer, unaogopa nini zaidi?"

Wanawake wakainua macho. Waithira akatabasamu, akasogea, akamwachia nafasi ya mbele. Jeniffer alianza kulia, kisha akaeleza: umri wa mama, moyo wake, daktari aliyeongea haraka. Watiri alisikia karibu yote. Pale mvua ya kisanduku ilipofunika neno, aliinua kidole na kumwomba arudie, na alipokuwa na habari kamili, akaanza kuomba.